Ukiinuka Tu, Nashuka

Wanaume wengine wakistaafu hununua mbuzi. Wengine hununua kiti cha kuegemea, wakakiweka barazani na kuanzia hapo wakaisahihisha dunia nzima. Mzee Honi alistaafu udereva wa basi, akapumzika siku mbili tatu, akaona kupumzika kunachosha, akaenda akanunua basi.

Tena si basi la kujivunia. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya karakana ya kampuni yake ya zamani, rangi imebambuka, likingoja kukatwakatwa kuwa chuma chakavu. Mzee Honi alilihurumia kama mtu anayemwona mfanyakazi mwenzake amekaa peke yake. Akalileta nyumbani huku akipiga honi kuanzia njia panda hadi mlangoni, kwa madaha yale yale yaliyompa jina, na mtaa mzima ukatoka kutazama kuna nini. Mkewe naye alitoka, utepe wa kupimia umemning'inia shingoni. Huyo ni Mama Pindo, fundi cherehani, ambaye hakuna suruali wala gauni mtaani pale ambalo hajalikunja pindo, na ambaye ulimi wake haukuwa butu kuliko mkasi wake.

"Abiria wako wapi?" akauliza.

"Abiria ni wewe," akajibu Mzee Honi, akashuka akamfungulia mlango.

Mama Pindo akalitazama basi mbele, akalitazama nyuma, akarudi ndani kushona.

Basi, ukimpenda mtu utavumilia mengi. Kwa miezi kadhaa mzee aling'oa viti, akapigilia mbao, akaweka kitanda kule nyuma, meza ya kukunja, jiko, tangi la maji, friji ndogo na feni mbili. Jenereta akaipachika kwenye buti la pembeni, mahali palipokuwa pa masanduku ya abiria. Likawa nyumba ya magurudumu. Alikuwa na furaha isiyoelezeka. Alikuwa akiamka anaimba, analala anapiga mluzi, akiulizwa habari za asubuhi anajibu kwa habari za tangi la maji. Lengo lake lilikuwa moja tu: kumchukua mkewe na kumwonyesha nchi. Kwa miaka thelathini na ushei alikuwa amezipita barabara zote yeye na watu wengine, halafu akirudi anamsimulia mkewe daraja refu la kule, na ule mlima ambao barabara inauzunguka hadi unakutana na vumbi lako mwenyewe. Mama Pindo alikuwa hajafika hata mahali pamoja. Kila mji aliujua kwa kilichotoka huko: huu wa vitunguu, ule wa asali, ule mwingine wa mikeka.

Lakini kila alipoombwa kusafiri, alikuwa na udhuru. Mara ana nguo za watu. Mara mgongo. Mara yeye si gunia, hawezi kulala ndani ya basi. Huku akikataa hivyo alipima madirisha yote ya basi na kuanza kuyashonea mapazia, jambo ambalo Mzee Honi aliliona lakini hakuthubutu kulitaja. Mwishowe, siku moja wakiwa mezani, Mama Pindo akaweka kijiko chini.

"Sikiliza, baba watoto. Nitakwenda. Lakini nina sharti."

"Litaje!"

"Hiyo jenereta yako. Siku itakapojiwasha yenyewe, wewe umekaa nami, hujainuka wala hujanyoosha kidole, siku hiyo napanda na begi langu. Lakini ukiinuka tu kwenda kuiwasha, nashuka. Na nikishuka nimeshuka."

Mzee Honi akakuna kichwa. Alidhani mkewe amefanya kama wale akina baba wa kwenye hadithi, wanaomwambia mchumba akalete maziwa ya simba, kusudi ashindwe aende zake. Maana jenereta ile ilikuwa ya kubonyezwa. Betri za chini ya kitanda zikiisha nguvu, friji inanyamaza, feni inalegea, na mtu lazima ashuke akaiwashe. Na mtu huyo alikuwa na jina.

Akampigia simu Kitinda.

Kitinda ndiye mtoto wao wa mwisho, mwanamke mrefu, mchache wa maneno, mwenye sanduku la vifaa ambalo wanaume wawili hulibeba kwa zamu na yeye hulibeba kwa mkono mmoja. Kazi yake ilikuwa kuhudumia jenereta za minara ya simu, ile inayosimama vilimani ambako hakuna hata nyumba. Baba yake alipomweleza sharti, kwa sauti ya mtu anayeomba muujiza, Kitinda akacheka.

"Baba, jenereta zangu kule mlimani unadhani nani anaziwasha? Nyani?"

Akaja mwisho wa juma. Kwanza kabisa, kabla ya mengine yote, alirefusha bomba la moshi likatokea nje hadi juu ya paa, akabandika king'ora cha hewa chafu juu ya kitanda, na kwenye mlango wa buti akaweka maandishi mekundu: MASHINE HII HUJIWASHA, ZIMA KABLA YA KUGUSA. Ndipo akatoa kisanduku chenye kioo kidogo, akakifunga ukutani karibu na jiko na kuanza kuvuta nyaya.

"Hiki ndicho mlinzi," akaeleza. "Kinaziangalia betri za chini ya kitanda. Zikichoka, kinasubiri kidogo kuhakikisha ni uchovu wa kweli, kisha kinaipigia jenereta stata iwake. Ikigoma, kinapumzika, kinajaribu tena. Ikigoma mara ya tatu kinakata tamaa na kuwasha taa nyekundu. Betri zikijaa, kinaizima chenyewe. Na umeme wa kupigia stata nimeutoa kwenye betri kubwa ya basi, ile ya injini, kwa sababu ina nguvu."

"Na mimi nafanya nini?"

"Wewe unakaa, Baba. Kaa pale kwenye siti yako, usinisumbue."

Mzee akaenda akakaa nyuma ya usukani, mikono magotini, mpole kuliko alivyowahi kuwa kanisani, msikitini au mbele ya askari wa barabarani. Kitinda akawasha taa zote na feni zote. Baada ya muda kisanduku kikalia kacha! Jenereta ikakohoa mara moja, ikanguruma. Friji ikatetemeka kwa furaha. Mzee Honi akapiga honi mara tatu, akaruka chini, akacheza hapo hapo barabarani, magoti yakilia kuliko jenereta yenyewe. Watoto wa mtaa nao wakacheza, bila kujua wanasherehekea nini.

Kitinda akaondoka kwenda kwenye minara yake. Kesho yake Mzee Honi akavaa koti, akachana nywele zilizobaki, akamwalika mkewe kwenye basi kama bwana harusi anayekaribisha wageni. Wakakaa kwenye meza ya kukunja, bega kwa bega. Alikuwa amewasha kila kinachowaka. Wakanywa chai. Feni zikaanza kuchoka.

"Sasa hivi," akanong'ona.

Kacha!

Kimya.

"Inavuta pumzi," akasema.

Kacha! Kimya. Jasho likamtoka. Kacha, mara ya tatu, kisha taa nyekundu ikawaka, ikamtazama. Mzee akawa amekwisha kuinua makalio kidogo kutoka kitini.

"Ukiinuka tu, nashuka," akasema Mama Pindo bila kumwangalia.

Akayarudisha. Akaikalia mikono yake yote miwili, maana ilikuwa inataka kwenda yenyewe. Wakakaa hivyo hadi friji ikanyamaza. Mama Pindo akamaliza chai yake, akasema mapazia yamekaa vizuri, akashuka. Hakumcheka. Afadhali angemcheka.

"Baba, umegusa nini?" akauliza Kitinda kwenye simu.

"Sijagusa kitu! Nikuapie?"

Kitinda akaja tena. Akamketisha baba yake kwenye siti yake ile ile, akapima hiki, akakaza kile, akazichosha betri kwa taa na feni. Kacha, ikawaka. Akajaribu tena, ikawaka. Akajaribu mara ya tatu huku ameipa mgongo, ikawaka. Akaondoka akitikisa kichwa. Siku iliyofuata Mama Pindo akaalikwa tena, akaja tena, akakaa tena, na taa nyekundu ikawatazama tena.

Hapo Mzee Honi akafikia uamuzi ambao mtu mwenye akili timamu huufikia akiishiwa njia: jenereta inamwogopa Kitinda. Akamwomba binti yake ovaroli ya zamani, akakivalisha kiti kilicho karibu na kisanduku, mikono ikaning'inia, na kofia juu. Jirani aliyechungulia dirishani aliisalimu ile ovaroli, akasubiri kuitikiwa. Jenereta haikudanganyika. Mzee akaibembeleza. Akaisifu. Siku moja alisikika akiikaripia kwa maneno ambayo dereva huyaweka kwa ajili ya waendesha pikipiki tu.

Lakini usione mtu anatania ukadhani hana donge. Usiku alikuwa hapigi tena mluzi. Alijiona mjinga, mzee aliyenunua chuma chakavu akadhani amenunua maisha mapya. Na mfuga kuku wa mtaa wa pili, mtu asiyekosa pua kwenye mzoga, akawa anapita kila jioni na kulipapasa basi ubavu.

"Hili likitolewa friji," alisema, "linaingiza kuku wa mayai wengi sana."

Mwishowe Mzee Honi akamjibu aje Jumamosi wazungumze. Akamwambia mkewe hivyo akiwa amempa mgongo, anajifanya anasafisha kioo. Mama Pindo alikwenda tu kuchukua pini zake, kwa kuwa pazia moja lilikuwa bado, lile la kutenga siti ya dereva na chumba, na yeye si mtu wa kuacha kazi nusu hata kama wanaohamia ni kuku.

Ijumaa hiyo, adhuhuri, Mama Pindo alikuwa amepiga magoti nyuma ya siti ya dereva, pini sita mdomoni, akibana pindo la lile pazia. Jua likawapiga. Mzee Honi akaketi nyuma ya usukani ili asogeze basi hadi kwenye kivuli cha ukuta. Akasogeza. Akazima injini, akatoa ufunguo, akainuka.

Na alipoinuka, mkono wake wa kushoto ukashuka chini ya siti. Kacha.

Pini zote zikasimama mdomoni mwa Mama Pindo.

Angeweza kunyamaza. Mzee Honi alilifikiria jambo hilo baadaye, mara nyingi, kila mara moyo ukimruka. Alikuwa na pini mdomoni, sababu nzuri kuliko zote ya mtu kutosema. Keshoye kuku wangehamia, yeye angebaki na cherehani yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alizitema pini kiganjani moja moja, akauliza:

"Umefanya nini hapo?"

"Wapi?"

"Mkono wako."

Mzee Honi akautazama mkono. "Upo," akasema.

"Rudi ukae."

Akakaa. Mkono ukashuka chini ya siti. Kacha.

"Inuka."

Akainuka. Kacha.

"Kaa! Inuka! Kaa!"

Kacha, kacha, kacha. Mtu aliyepita nje angedhani wanandoa wale wameanza mazoezi ya viungo. Mama Pindo akaingiza kichwa chini ya siti akakuta swichi kubwa ya chuma, imeng'aa kwa kushikwa.

"Hii ni ya nini?"

Mzee Honi akajipiga paji la uso. Ilikuwa swichi kuu ya betri ya injini. Kwenye kampuni yao, dereva aliyeinuka kwenye siti bila kuikata, asubuhi angelikuta basi limekufa, abiria wamevaa nguo za safari wanasukuma, na msimamizi wa karakana anamtangaza kwa jina. Alitangazwa mara moja, ujanani. Tangu siku hiyo mkono ulijifunza: makalio yakigusa siti, washa, yakiachana na siti, zima. Ulikuwa umefanya hivyo maelfu ya mara na haukuwahi kumtaka ushauri. Kwa hiyo Kitinda alipokuwepo, baba ameketi kwenye siti yake kwa adabu, jenereta ilikuwa na umeme wa kupiga stata. Alipohamia mezani kukaa na mkewe, mkono ulikuwa umekwisha kuukata. Alikuwa ameizima jenereta yake mwenyewe, kwa uaminifu mkubwa, kila siku.

Walicheka hadi wakakaa sakafuni. Mama Pindo alicheka akiwa ameshika kiganja kilichojaa pini, analia machozi, anasema "Ovaroli! Ulikivalisha kiti ovaroli!" na Mzee Honi anajaribu kusema jambo asiweze. Walimpigia Kitinda, wakashindwa kueleza, wakamwachia acheke tu kwa kuambukizwa. Alipoelewa hatimaye, ilisikika spana ikianguka kutoka mahali pa juu sana.

Mfuga kuku aliambiwa akatafute basi jingine.

Sasa, mkono wa namna hiyo huuambii ukasikia. Mzee Honi aliapa hatagusa tena swichi, akainuka kwenye siti yake kwenda kunywa maji: kacha. Mama Pindo akaenda kwenye cherehani. Alirudi na mfuko wa kitambaa kigumu, umeshonwa kwa vipimo vya ile swichi, una vifungo vitatu vidogo vya shati, vile vinavyowatesa wanaume hata wakiwa na muda. Akaiwasha swichi, akaivalisha, akafunga vifungo vyote. Mzee akakaa, akainuka. Mkono ukashuka, ukakuta vifungo, ukababaika, ukarudi juu mtupu. Mama Pindo akapiga makofi.

"Sasa twende mezani," akasema. "Na lete pasi yangu. Unataka betri ichoke? Mimi nitaichosha."

Akakunjua mapazia yaliyobaki na kuanza kuyapiga pasi. Hakuna kinachokula umeme kama pasi ya fundi cherehani. Mzee Honi alikaa pembeni ameikalia mikono, anatazama namba za kisanduku zikishuka, moyo unadunda kama wa mtu aliyekwenda kuposa. Feni zikaanza kuchoka.

Kacha.

Jenereta ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikanyamaza.

Magoti ya mzee yakaruka. Mama Pindo alisimamisha pasi tu, akaitoa kwenye umeme, akasubiri naye.

Kacha. Kikohozi, kisha mngurumo, mpana, wa kuendelea, hadi vikombe vikagongana kabatini.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kuinuka, Mzee Honi alisherehekea amekaa. Alipiga miguu sakafuni, akapiga meza, akapiga honi kwa mdomo, akakiimbia kisanduku. "Umeona? Sijainuka! Sijanyoosha kidole!" Akageuka ili amwone mkewe akicheka.

Mama Pindo alikuwa analia. Machozi haya hayakuwa yale ya kicheko.

"Nini tena, mke wangu? Imewaka!"

"Naisikia." Akajifuta kwa ncha ya pazia. "Miaka yote ile, alfajiri, ulikuwa unainuka kitandani taratibu unadhani nimelala. Nasikia mlango. Halafu nasikia injini imewaka pale nje, najua kwamba umeshakwenda. Nikisikia injini inawaka mahali popote, hata sokoni, moyo wangu unashtuka. Nilijiambia siwezi kwenda kulala ndani ya basi ili kila alfajiri nisikie tena mume wangu anainuka, halafu injini." Akamshika mkono, ule ule wa kushoto. "Leo imewaka, na wewe uko hapa."

Mzee Honi alikuwa amejivunia maisha yake yote kwamba hakuwahi kuchelewa hata alfajiri moja, wala kumwamsha mtu. Alimwonea huruma yule mwanamke kijana aliyelala macho wazi akijifanya amelala, naye anapita kwa ncha za vidole akijiona mstaarabu. Alitaka kusema pole, ikaonekana ndogo. Akataka ainuke walau akamletee maji.

"Kaa," akasema Mama Pindo.

Akakaa. Wakakaa wote wawili, jenereta ikinguruma ubavuni mwa basi, feni zikiwapepea, hadi betri zikajaa na kisanduku kikaizima chenyewe. Nje kukawa kimya kabisa, na mzee alikuwa bado yupo.

Mama Pindo akakunja pazia la mwisho, akalilaza juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Tunaondoka saa ngapi?"

Swali hilo Mzee Honi alikuwa ameulizwa na abiria wasiohesabika, na kila mara alilijibu hata kabla halijaisha. Leo alimshika mkono mkewe, akalia kwa furaha kama mtoto.